Daraja la reli mezani: kwa nini kugawanya kwa 87 hakutoshi

Siku hizi simu za vijana wa Lamu zimejaa video fupi za treni ndogo zinazovuka madaraja yaliyoundwa kwa mkono, huku chini yake kukiwa na mabonde, mito na vijiji vilivyopangwa juu ya meza. Video hizo zimezua mabishano barazani. Mmoja anasema hivyo ni vitu vya kuchezea watoto. Mwingine anakataa: hivyo ni vipimo vya wahandisi, na daraja la mfano likibeba treni ya mfano, basi la kweli nalo litabeba treni ya kweli. Wa tatu anauliza swali ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote: nikipewa vipimo vya daraja nikavigawanya, si nimeshamaliza kazi?

Hajamaliza. Ameanza tu, na sababu zake zinafaa kuelezwa vizuri, hasa katika mji kama wetu. Lamu ina mafundi wanaojua kufanya kitu kidogo kifanane na kikubwa, lakini haina reli. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari, barabara na reli, ulizinduliwa hapa Machi 2012, gati ya kwanza ya bandari ikafunguliwa Mei 2021, na reli iliyomo katika mpango huo bado hatujaiona. Treni kwetu ni picha, ni mifano, au ni safari ya kwenda mpaka Mombasa ndipo upande. Mtu asiyeishi na kitu chenyewe hukichanganya upesi na mfano wake.

Tuanze na maneno. Reli ya mfano ni njia ndogo ya treni inayojengwa juu ya meza au fremu ya mbao, pamoja na mandhari yake, na treni zake huendeshwa kwa umeme mdogo. Skeli ni idadi ya mara ambazo kitu kimepunguzwa. Skeli inayotumika zaidi duniani huitwa HO, nayo ni moja kwa 87: mtu wa sentimita 174 anakuwa sentimita 2. Ipo pia skeli ndogo zaidi iitwayo N, ambayo ni moja kwa 160. Upana wa reli ni nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili vinavyokanyagwa na magurudumu. SGR yetu, yaani reli mpya inayotoka Mombasa kwenda Nairobi, ina upana wa milimita 1,435, na reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ina milimita 1,000. Na ninaposema daraja kuu, nina maana ya lile daraja moja ambalo mjenzi analifanya uso wa meza yake, ambalo mgeni akiingia chumbani jicho lake linatua hapo kwanza.

Fundi anayechonga jahazi la mfano analijua tayari jambo ambalo wengi hulikosa kwenye madaraja. Urefu wa mkuku na mlingoti anaweza kuupunguza kwa hesabu, lakini tanga hawezi. Akitafuta kitambaa chembamba mara arobaini kuliko cha jahazi la kweli hatakipata, na hata akikipata hakitajaa upepo kama tanga. Kwa hiyo huchagua kitambaa kinachokaa sawa machoni, na akakishona kama kwamba kimeshajaa kaskazi. Kazi ya daraja la mfano iko hapo hapo. Hesabu inakupa urefu, na mengine yote unayaamua mwenyewe.

Chukua urefu wenyewe. Daraja la Forth huko Scotland, lililofunguliwa mwaka 1890, lina mapengo makuu mawili, yaani nafasi zinazovukwa kutoka nguzo hadi nguzo, kila moja likiwa na mita 521. Gawanya kwa 87, unapata karibu mita 6 kwa pengo moja. Daraja zima lina kilomita 2 na nusu, yaani zaidi ya mita 28 kwa skeli hiyo. Sasa fikiria chumba cha nyumba ya mawe ya Lamu. Vyumba vyetu vya kale ni virefu lakini vyembamba, kwa kawaida havifiki mita 3 kwa upana, kwa sababu dari yake ilibebwa na boriti za mikoko na boriti ya mkoko ina kikomo cha umbali inaoweza kuuvuka kabla haijalegea. Pengo moja tu la Forth linahitaji mara mbili ya upana huo. Hata SGR haikai: daraja la takriban kilomita 6 linalopita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi lingekuwa na mita 69 mezani.

Ndiyo maana wajenzi wengi, hata wenye vyumba vikubwa, hufupisha. Ila kuna njia sahihi ya kufupisha na kuna ya kuharibu. Ya kuharibu ni kulibana daraja zima kama picha iliyovutwa pembeni. Sahihi ni kupunguza idadi ya vipande na kuacha kila kipande na ukubwa wake halali. Tuseme una daraja la chuma la kenchi, yaani lililofumwa kwa pembetatu kama kenchi za paa, lenye urefu wa mita 60 lililogawanyika katika vyumba 10 vya mita 6, chumba kikiwa ni nafasi kati ya chuma kimoja cha wima na kingine. Kwa HO kila chumba kitakuwa na sentimita 6.9 na daraja zima sentimita 69. Nafasi ikikubana, toa vyumba viwili, kimoja kila upande, ubaki na sentimita 55. Ikikubana zaidi, toa vingine viwili, ufike sentimita 41. Kimo hakiguswi, unene wa vyuma haubadiliki, treni inapita bila kugusa, na jicho linakubali. Toa viwili viwili ili katikati ibaki katikati. Ukitoa kimoja, pande mbili hazitalingana na daraja litaonekana limekatika bila mtu kujua kwa nini.

Kwa madaraja ya zege ya mtindo wa SGR mambo ni mepesi zaidi. Ni boriti zilizolazwa juu ya nguzo, pengo baada ya pengo. Jenga mapengo manne au matano, kisha ncha moja uifiche nyuma ya kilima na nyingine nyuma ya miti. Mtazamaji atalimalizia mwenyewe akilini.

Sasa tufike kwenye lile dai la nguvu, kwa sababu ndilo linalopotosha zaidi. Watu wanaona daraja la kadibodi na gundi likibeba matofali wanasema: tazama lilivyo imara. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638, na bado linawashangaza watu. Ukipunguza kitu mara 87, urefu wake unapungua mara 87. Unene wa chuma ukikatwa, yaani ule uso wa mkato unaobeba mzigo, unapungua mara 87 mara 87, ambayo ni 7,569. Lakini uzito wake unapungua mara 87 mara 87 mara 87, ambayo inapita 658,000. Uzito umekimbia mbele ya nguvu. Kwa hiyo daraja dogo, likiwa la chuma kilekile, linaubeba mwili wake kwa urahisi mara 87 kuliko daraja kubwa. Kichwa cha treni cha tani 100 kingekuwa na gramu 152 tu, na ndiyo sababu watengenezaji huongeza vipande vya uzito ndani ya vichwa na mabehewa ili magurudumu yashike reli.

Maana yake ni kwamba daraja la mfano kusimama hakuthibitishi chochote kuhusu daraja la kweli. Mfano uliopangwa kwenye meza ya maonyesho ya mradi wowote unaonyesha sura, mahali na mpangilio. Hauonyeshi kama daraja litahimili mafuriko ya mto, na si haki kuutaka useme hivyo. Wahandisi wana mifano yao ya majaribio, inayojengwa kwa hesabu nyingine kabisa ili kupima upepo au maji.

Kwa mjenzi wa mezani hesabu hiyo ina upande mzuri na upande mbaya. Uzuri ni kwamba huna haja ya kuhofia treni. Kadibodi nzuri au plastiki ya shiti itaibeba. Ubaya ni kwamba chuma cha milimita 20 kwenye daraja la kweli kinakuwa chini ya robo milimita mezani. Kitakachokivunja ni kiwiko cha mkono, mkono wa kanzu, mtoto anayenyoosha kidole. Kwa hiyo vyuma vinavyobeba vifanywe vya shaba ya manjano iliyolehemiwa au mbao ngumu, na vile vya mapambo tu ndivyo vibaki vyembamba.

Lipo pia suala la muda, ambalo halisemwi sana. Treni ya kweli ikienda kilomita 80 kwa saa, ya mezani inatakiwa kwenda sentimita 25 hivi kwa sekunde. Watu wengi huiendesha mara tatu ya hapo, na daraja walilolitolea jasho linapitwa kufumba na kufumbua. Ipunguze mwendo, daraja litaonekana refu bila kuongezwa hata sentimita moja.

Daraja gani lichaguliwe basi? Hapa lazima ujue daraja linabebaje mzigo wake, maana ukikosea hilo sura nzima inakuwa ya uongo. Boriti hulala juu ya nguzo na kupinda kidogo. Tao husukuma mzigo pembeni, kwenye miamba ya kingo. Daraja la kuning'inia kwa nyaya huonekana tamu kwenye picha, lakini hucheza mno kwa mzigo wa treni, ndiyo maana ni nadra kwenye reli. Na liko la kantileva, ambalo mikono yake hutoka kwenye nguzo kuelekea katikati, nalo ndilo linalowatatiza watu zaidi.

Sijui maelezo bora ya kantileva kuliko yale ya Benjamin Baker, mmoja wa wahandisi wawili wa Forth. Mwaka 1887 aliwaketisha wanaume wawili kwenye viti, wakanyoosha mikono, kila mkono ukishika gongo lililoegemezwa kwenye kiti. Katikati yao palining'inizwa ubao, na juu ya ubao akaketi mhandisi kijana wa Kijapani, Kaichi Watanabe. Mikono ya nje ya wale wawili ilifungwa kwenye marundo ya matofali. Watanabe alipokaa, uzito wake ulivuta mikono na kugandamiza magongo, na matofali ya nje yakazuia watu wale wasipinduliwe kuelekea katikati. Picha ya tukio hilo ipo mpaka leo. Ukiitazama kisha ukaitazama Forth, unaona kila kitu: mirija minene ya chini ni magongo, vyuma vyembamba vya juu ni mikono. Mjenzi anayefanya vyote kwa unene mmoja ameipoteza Forth hata kama vipimo vyake vya urefu ni sahihi.

Hivyo hivyo kwa kenchi ya kawaida. Katika aina iitwayo Pratt, vyuma vya mshazari vinavyoshuka kuelekea katikati ya daraja vinavutwa, kwa hiyo vinaweza kuwa vyembamba. Vya wima vinagandamizwa, hivyo huwa vinene. Katika aina ya Howe mshazari umegeuzwa, na kazi za vyuma nazo zinageuka. Nimeona kazi nyingi nzuri zilizogeuza mshazari na kuacha unene vilevile, na anayejua chuma huliona kosa hilo kutoka mlangoni.

Ningekuwa nashauri daraja kuu kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ningesema Victoria Falls, kati ya Zambia na Zimbabwe. Ni tao la chuma lililofunguliwa Septemba 1905, pengo lake kuu lina mita 156.5, na liko mita 128 juu ya Zambezi. Kwa HO tao linakuwa mita 1.8, ambalo linaenea kwenye ukuta mrefu wa chumba cha Lamu bila kufupishwa. Ila angalia kimo: mita 128 zinakuwa sentimita 147. Ukiiweka reli usawa wa kifua, kwenye mita 1.3, mto utakuwa chini ya sakafu! Kwa skeli ya N tao linakuwa na karibu mita moja na kina kinakuwa sentimita 80, na hapo kila kitu kinakaa. Huu ndio uamuzi ninaousema. Mwenye HO atapunguza kina cha korongo, afunike chini kwa ukungu wa pamba na miamba yenye giza, na hakuna atakayedai mto wake. Anayetaka kina chote atahamia N.

Reli za daraja hilo zina upana wa milimita 1,067, si 1,435. Kwa HO hiyo ni takriban milimita 12, na ukitumia reli za kawaida za HO, zenye milimita 16.5, umeweka reli ya SGR juu ya tao la Zambezi. Hapa pana mtego mwingine. Waingereza wana skeli yao ya OO, moja kwa 76, inayotumia reli zilezile za milimita 16.5. Vichwa vyao vya treni ni vidogo kuliko vya Ulaya bara na Marekani, na mota za zamani zilikuwa kubwa mno kuingia ndani yake kwa HO, basi wakakuza mwili wa treni wakaacha reli vilevile. Matokeo ni kwamba treni ya OO inapita kwenye reli ya HO bila tatizo, na wengi hudhani ni kitu kimoja. Ukinunua daraja la OO kwa ajili ya treni ya HO, ngazi na uzio wake vitakuwa vikubwa kuliko watu wako.

Jambo la joto nalo linafaa kuelezwa. Nusu mbili za tao la Victoria Falls zilijengwa kutoka kila ukingo zikakutana katikati. Zilipokaribiana, jua la mchana lilikuwa limerefusha chuma na nusu mbili hazikuingiana. Wakasubiri baridi ya usiku. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili 1905 chuma kikawa kimenywea, zikafungwa. Kwa sababu hiyohiyo madaraja mengi ya boriti na kenchi hufungwa upande mmoja tu, na upande wa pili hukaa juu ya rola ili daraja lipate pa kusogea. Rola hizo ni ndogo kama punje ya mchele kwa HO, lakini ziweke. Zinaliondolea daraja ile sura ya kitu kilichogandishwa juu ya nguzo.

Mezani joto lina namna yake. Plastiki hutanuka kuliko chuma: daraja la mita 1.8 la plastiki linaweza kuongezeka zaidi ya milimita moja kwa nyuzi kumi za joto. Na huku kwetu adui mkubwa ni unyevu. Masika ikiingia mbao hunywa maji na kutanuka, hasa kwa upana wake, na fremu ikitanuka reli hupinda. Paka rangi au vanishi pande zote za mbao, hata chini kusikoonekana, na acha mwanya mwembamba kwenye maungio ya reli. Reli za chuma cha kawaida zitakula kutu kwa hewa ya chumvi. Chagua zile za aloi ya shaba, nikeli na zinki, ambazo ndizo zinazouzwa zaidi siku hizi.

Kosa linalowachosha wanaoanza ni kupandisha reli ili daraja liwe juu. Treni za mfano hupanda vizuri mteremko wa asilimia 2, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Ukitaka daraja lipite sentimita 8 juu ya reli nyingine unahitaji mita 4 za kupanda, na nyingine 4 za kushuka. Chumba kimekwisha. Acha reli iende sawasawa, uishushe ardhi. Kata ubao, jenga bonde chini ya usawa wa reli. Fremu ya mbao iliyo wazi, isiyofunikwa ubao mzima juu, ndiyo inayokuruhusu kufanya hivyo, na ni vyema kuliamua mapema kwa sababu ubao mzima ukishapigiliwa hautaki kukatwa tena.

Je, kila ribiti, yaani pini ya chuma inayounganisha vyuma vya daraja, iwekwe? Wapo wanaoamini kwamba bila ribiti zote mfano si halali. Kichwa cha ribiti kwa HO hakifiki nusu milimita. Kwenye vyuma vilivyo karibu na macho, weka. Kwenye vya nyuma na vya chini, rangi na kivuli vinatosha. Muhimu zaidi ni vitu ambavyo watu huvisahau kabisa. Kwenye madaraja mengi ya chuma hakuna kokoto: mataruma, yaani magogo yanayobeba reli, hulala moja kwa moja juu ya boriti, yakiwa yamekaribiana kuliko ya nchi kavu. Na katikati ya reli mbili huwa na reli nyingine mbili za ulinzi, za kuzuia behewa lililotoka njiani lisitumbukie. Kipande cha reli ya kokoto kilichobandikwa juu ya kenchi wazi huharibu kazi ya mwezi mzima.

Kabla ya rangi, pitisha behewa lako refu na kichwa chako kirefu kuliko vyote, kwa mkono, pole pole, pande zote mbili. Reli ikiwa na kona karibu na mlango wa daraja, katikati ya behewa huingia ndani na ncha zake hutoka nje, na hapo ndipo chuma hugusana. Daraja liwe kwenye mstari ulionyooka, na mnyooko huo uendelee angalau urefu wa behewa moja kabla ya kufika.

Katika chumba chembamba njia ya reli mara nyingi hulazimika kuvuka mlango, na watu hulifanya daraja kuu kuwa kipande cha kutoa na kurudisha. Inawezekana, mradi kikae kwenye pini za chuma ili kirudi palepale. Umeme wa reli nao upitie kwenye pini hizo: kipande kikitolewa, sentimita 30 za reli kila upande zizimike zenyewe, na treni inayokuja isimame kabla ya ukingo.